Jinsi ya Kuomba Mkopo wa Mfuko wa Utamaduni na Sanaa kwa Mwanamuziki Anayeanza

Mfuko wa Utamaduni na Sanaa Tanzania hutoa mikopo ya riba nafuu kwa wasanii na wafanyabiashara wa kazi za sanaa, kupitia benki zinazoshirikiana nao. Huu ni mkopo, si ruzuku wala zawadi, na anayepitia maombi hapimi uzuri wa sauti yako bali anaangalia fedha zitarudi kwa njia gani. Mwongozo huu unamhusu mwimbaji, mtayarishaji wa muziki, mwenye studio ndogo au mwandaaji wa maonesho aliyeko Tanzania Bara. Sanaa si jambo la Muungano, hivyo aliyeko Zanzibar aanzie Baraza la Sanaa, Sensa ya Filamu na Utamaduni, na kwa upande wa hakimiliki aende COSOZA.

Anza na utambulisho. Uwe na namba ya NIDA, ile yenye tarakimu 20, na namba ya mlipakodi (TIN), ambayo TRA huitoa bila malipo. Hakikisha majina yako yanafanana herufi kwa herufi katika kitambulisho, TIN na akaunti ya benki, kwani tofauti ya herufi moja yatosha kukurudisha nyuma. Chukua pia barua ya utambulisho kutoka serikali ya mtaa au kijiji unakoishi, yenye muhuri.

Hatua inayofuata ni kujisajili Baraza la Sanaa la Taifa (BASATA), lililoundwa kwa Sheria Na. 23 ya mwaka 1984. Usajili hufanyika kwa mtandao, na aliye mbali na Dar es Salaam anaweza kupata msaada kwa afisa utamaduni wa halmashauri yake. Andika jina lako halisi pamoja na jina la kisanii. Kama unaendesha studio au lebo, sajili pia jina la biashara BRELA, wakala wa serikali wa usajili wa biashara.

Sehemu inayowakwamisha wengi ni umiliki wa nyimbo. Chini ya Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki Na. 7 ya mwaka 1999, mtunzi analindwa tangu kazi inapotungwa, na ulinzi huo hudumu maisha yake yote na miaka 50 baada ya kifo chake. Hata hivyo, ulinzi wa kisheria ni jambo moja na uthibitisho mezani ni jambo jingine. Ndiyo maana inafaa kusajili kazi COSOTA, ofisi ya hakimiliki ya Tanzania Bara, kabla ya kuzitaja kuwa chanzo cha mapato. Kabla ya kusajili, maliza suala la mgawanyo na wenzako. Karatasi moja yatosha: jina la wimbo, tarehe ya kurekodi, kisha kila mhusika na sehemu yake, kwa mfano mtunzi wa mashairi asilimia 50, mtayarishaji aliyetengeneza biti 30, aliyealikwa kwenye kolabo 20, na sahihi za wote. Makubaliano ya mdomo ya usiku wa studio husahaulika siku wimbo unapoanza kulipa, na hapo mtayarishaji uliyemwita ndugu huja na hesabu nyingine kabisa.

Ukishakamilisha hayo, andika andiko la mradi. Eleza unachofanya sasa, kinachokuingizia fedha (maonesho, harusi, mirabaha yaani malipo ya matumizi ya nyimbo zako, kurekodi wengine), na mkopo utaongeza nini hasa. "Kukuza muziki wangu" si maelezo. "Kununua maikrofoni na kadi ya sauti ili studio ipokee wateja wawili kwa siku badala ya mmoja" ni maelezo, kwa kuwa yanahesabika. Ambatanisha bei kutoka kwa muuzaji, na usiombe zaidi ya kile mapato yako ya miezi ya kawaida, si ya msimu wa sikukuu, yanaweza kurejesha.

Kabla ya kuwasilisha, mpe andiko mtu aliyekutangulia katika kazi. Ulezi wa namna hii hupatikana kwa walimu na wahitimu wa Taasisi ya Sanaa na Utamaduni Bagamoyo (TaSUBa), au kwa meneja yeyote aliyewahi kuendesha hesabu za bendi. Usimwombe "anisaidie kimuziki". Mwombe asome bajeti yako na akuoneshe palipo na uongo, hata kama ni uongo uliojidanganya mwenyewe. Nadhani saa moja ya kazi hiyo ina faida kuliko semina nyingi.

Fomu na masharti ya wakati husika uyachukue kwa Mfuko wenyewe, si kwa dalali anayedai ada ya kukupitishia. Wasilisha, baki na nakala ya kila karatasi, na uandike tarehe pamoja na jina la aliyepokea. Ukikubaliwa, omba ratiba ya marejesho kabla ya kutia sahihi, nawe na mdhamini wako mkae muisome pamoja, hasa kifungu kinachoeleza yatakayotokea rejesho likichelewa.