Kuunganisha mtambo mdogo wa maji na gridi ya TANESCO: laini kwanza, mashine baadaye

Sheria ya Umeme ya mwaka 2008 inaruhusu sekta binafsi kuzalisha umeme na kuiuzia TANESCO, shirika la umeme la taifa. Kanuni za EWURA (mamlaka ya udhibiti wa nishati na maji) za miradi midogo zinahusu mitambo inayouza kuanzia kilowati 100 hadi megawati 10, na mkataba wa kuuziana umeme una muundo mmoja kwa wote, hivyo mwenye mradi haanzi kujadiliana kila kifungu upya. Serikali imefanya sehemu yake hapo. Panapobaki pagumu ni pale waya wako unapogusana na waya wa shirika, na ndipo fedha nyingi hupotea kwa sababu mashine ilinunuliwa kabla ya mtu kuiangalia laini.

Pima mto kwanza. Zidisha maji yanayopita (mita za ujazo kwa sekunde) kwa kimo cha maporomoko (mita), kisha kwa 7. Jibu ni kilowati. Mita za ujazo 1.2 zikishuka mita 60 zinatoa takriban kilowati 500. Hesabu iwe ya maji ya kiangazi pamoja na ya masika, maana mashine iliyokadiriwa kwa mto uliofurika hukaa nusu tupu miezi mingi. Weka kipimo cha kina cha maji kwenye banio na ukisome kwa muda usiopungua mwaka mzima. Takwimu hizo hizo utazihitaji Bodi ya Maji ya Bonde unapoomba kibali cha kutumia maji.

Sasa nenda ofisi ya TANESCO ya mkoa uombe taarifa za laini iliyo karibu: msongo wake, urefu hadi kituo cha kupooza umeme, unene wa waya, mzigo mdogo kabisa wa usiku, na mahali zilipo swichi zinazojirudisha zenyewe baada ya hitilafu. Kwa hizo unaweza kufanya hesabu moja inayoamua mengi. Zidisha nguvu (wati) kwa ukinzani wote wa waya (ohm), gawanya kwa msongo (volti) uliozidishwa kwa wenyewe. Megawati 2 kwenye kilomita 20 za waya wenye ohm 0.5 kwa kilomita zitapandisha volti kwa karibu asilimia 1.8 kama laini ni ya kilovoti 33. Laini ikiwa ya kilovoti 11, zitapanda zaidi ya asilimia 16, na taa na friji za wateja wa jirani zinaweza kuungua. Jenereta inaweza kuamriwa kushusha volti kidogo, lakini inapata joto na upotevu kwenye waya unaongezeka. Hiyo ni tiba ya asilimia moja au mbili tu. Zaidi ya hapo, jenga laini yako hadi kwenye kilovoti 33 au punguza mtambo.

Karatasi zina mpangilio wake: kibali cha maji, cheti cha mazingira cha NEMC (baraza la mazingira), barua ya nia kutoka TANESCO, kisha EWURA. Mtambo ulio chini ya megawati 1 hauhitaji leseni ya kuzalisha, lakini husajiliwa. Fidia ya njia ya nguzo ianze mapema, kwa sababu shamba moja lenye mgogoro linaweza kusimamisha laini nzima.

Kwenye kinga usibane matumizi. Laini ikikatwa huko juu huku mtambo wako ukiendelea kuilisha, fundi anayepanda nguzo akiamini haina umeme anaweza kufa. Tena swichi ikijirudisha wakati mashine yako imeshaachana na mwendo wa gridi, mshtuko unaweza kukata shafti. Kwa hiyo rilei (vifaa vinavyohisi hitilafu na kuamuru umeme ukatwe) zisimamie volti na hezi (idadi ya mawimbi ya umeme kwa sekunde), ziutoe mtambo kwenye laini ndani ya sekunde 2 na kabla swichi haijajirudisha. Kama swichi hujirudisha haraka kuliko hapo, muombe mhandisi wa shirika aongeze muda wake, au swichi iwekewe kizuizi ili isijirudishe wakati upande wako wa laini bado una umeme.

Transfoma nayo huleta balaa. Ukiiunga kwa pembetatu upande wa gridi, bila kuishikiza ardhini, waya mmoja ukianguka chini na kituo kikikata, waya mbili zilizobaki hupanda hadi mara 1.73 ya volti zake za kawaida kwa ardhi. Vizuia radi hupasuka. Kubalianeni muundo huo na TANESCO kwa maandishi kabla ya kuagiza.

Kuunganisha mashine ya megavolti-ampea (kipimo cha ukubwa wa jenereta) 1.5 hadi 10 kunataka tofauti kati yake na gridi isizidi hezi 0.1, asilimia 3 ya volti na nyuzi 10 za pembe ya mawimbi. Kisha jaribu kuikata kwa ghafla ikiwa na robo, nusu, robo tatu na mzigo kamili, ukitazama kasi na presha ya bomba. Vali ikifungwa haraka mno, bomba hupasuka. Ikifungwa polepole mno, turbaini hukimbia kupita kiasi.

Mtambo wa Mwenga kule Mufindi, wa megawati 4, ulioanza mwaka 2012, unaiuzia TANESCO na pia unahudumia vijiji. Ukitaka hivyo, hakikisha gavana (kifaa kinachodhibiti kasi ya turbaini) inaweza kushika hezi 50 peke yake gridi inapokatika, na kifaa cha kulinganisha mawimbi kiwepo pia kwenye breka (swichi kuu) ya gridi. Kikiwepo kwenye jenereta pekee, kila umeme wa TANESCO unaporudi itabidi uvizimie vijiji ndipo uungane tena.