Kumtafuta mfanyakazi wa New Lanark kwenye nyaraka

New Lanark, kijiji cha viwanda vya kusokota pamba huko Uskoti, kilianzishwa na David Dale miaka ya 1780, na mashine zilisimama mwaka 1968. Wengi wakianza utafiti hukimbilia vitabu vya kampuni. Huko watachoka bure: vitabu hivyo viliwekwa kwa ajili ya biashara, si kwa ajili ya kutafuta majina ya watu.

Anza na cheti cha kifo. Uskoti ilianza usajili wa serikali mwaka 1855, na cheti chake humtaja baba na mama wa marehemu, tena mama kwa jina la kwao. Kwa hiyo mzee aliyefariki 1860 anaweza kukufikisha kwa wazazi waliozaliwa karne ya 18. Picha za vyeti hununuliwa kwenye tovuti ya ScotlandsPeople.

Kisha fungua sensa, 1841 hadi 1921. Ile ya 1841 ina mitego: umri wa waliopita miaka 15 kwa kawaida ulishushwa hadi tano ya karibu, hivyo mwenye 39 ameandikwa 35, wala haielezi nani ni nani kwa mkuu wa kaya. Ya 1851 ndiyo tamu, maana inataja parokia ya kuzaliwa. Hapo utawaona watu wa Nyanda za Juu za Uskoti, ambao Dale aliwaajiri tangu miaka ya 1790. Safu moja ya nyumba inaitwa Caithness Row hadi leo, kwa jina la eneo la huko kaskazini.

Jina likikataa kutokea, lawama ni tahajia. Kwenye kisanduku cha kutafutia cha ScotlandsPeople andika M*Donald, kinyota kitaleta McDonald na MacDonald pamoja. Likikataa tena, soma kurasa zote za kijiji, nyumba kwa nyumba. Inachosha, lakini utaona na majirani na wapangaji.

Kabla ya 1841 tegemea vitabu vya ubatizo vya parokia ya Lanark. Mtoto asipokuwemo, usiseme hakuzaliwa hapo. Dale mwenyewe aliongoza kanisa lililojitenga na kanisa la taifa, na familia za makanisa hayo mara nyingi hazimo.

Sasa ndipo uende kwenye karatasi za Gourock Ropework, kampuni iliyokuja kumiliki viwanda hivyo, zilizoko Chuo Kikuu cha Glasgow. Barua za Robert Owen, aliyeshika uongozi wa viwanda 1800, ziko Manchester. Waandikie watunza nyaraka mapema ukitaja miaka unayoitaka. Ingia na penseli, kalamu ya wino haikubaliwi, na mikono iwe safi na mikavu. Kila picha unayopiga ionyeshe namba ya faili. Bila hiyo hutaupata tena ukurasa huo.