Kisanduku cha kilo kibaki kitupu, kisijijazie sifuri

Wadau, nilitengenezea kikundi cha wafugaji wa Njoro fomu ya kupokelea maziwa: asubuhi kilo ngapi, jioni kilo ngapi. Kila kisanduku kilifunguka na 0 ndani. Karani akigusa skrini, kile kijimstari kinachomemeta kinakaa mbele ya sifuri. Anaandika 12, inasomeka 120. Mama mwenye ng'ombe wawili akaonekana ameleta kilo 120 kwa asubuhi moja! Kosa langu mwenyewe. Nilirekebisha hivi.

Kwanza, hifadhidata. Ondoa `DEFAULT 0` (ndiyo inayojaza sifuri yenyewe) na uiruhusu safu iwe `NULL`, yaani isiwe na thamani. Sifuri ni kusema tumepima, hakuna kitu. `NULL` ni kusema hakuna aliyepima. Chukua siku tatu: kilo 10, kilo 14, na siku ambayo haikujazwa. `AVG`, yaani wastani, huiruka `NULL`, unapata 12. Ukiwa umeweka 0, unapata 8, na mkulima atakuja juu.

Pili, kuonyesha: `kisanduku.value = kilo ?? ""`. Msiandike `kilo || ""`, maana hiyo inafuta hata sifuri ya kweli.

Tatu, kusoma kilichoandikwa. Hapa ndipo nilipoteleza. Kwa JavaScript, `Number("")` ni 0, kwa hiyo utupu unageuka sifuri kimyakimya, bila kosa lolote kwenye konsoli. Uliza kwanza:

`const kilo = kisanduku.value === "" ? null : Number(kisanduku.value);`

Kwenye ripoti, penye `NULL` weka kistari.

Maswali

*Mkuu, natumia React (maktaba ya JavaScript). Nikipitisha null kwenye `value` inanilalamikia.*
Mpe `""` badala ya `null`. Karani anapoandika, hifadhi maandishi yenyewe. Geuza kuwa namba wakati wa kutuma tu.

*Niko Kisumu, fomu yangu ni ya samaki. Mtu akiandika takataka kwenye `type="number"`, nayo si inarudi tupu?*
Ndiyo, `value` inakuwa `""` vilevile. Angalia `validity.badInput`: ikiwa `true`, mkatalie asitume.

*Na zile sifuri za zamani, nizigeuze zote kuwa NULL?*
Hapana ndugu, usiendeshe `UPDATE` moja ukamaliza. Kuna ng'ombe waliokuwa wamekauka kweli. Mimi nilikaa na karani na daftari lake la karatasi, mstari kwa mstari. Kwenye daftari lake, tofauti na ripoti yangu, kistari cha kalamu ni kusema amepima, hakuna kitu; hapo tuliacha 0. Palipokuwa peupe, tuliweka `NULL`.