Kumlisha Mtoto Anayechagua Chakula

Mzazi anapolalamika kwamba mtoto wake hali, swali la kwanza linalofaa kuulizwa ni hili: kabla ya kuwekewa sahani, mtoto alikuwa ametia nini mdomoni, na saa ngapi? Katika nyumba nyingi za Nairobi jawabu hupatikana papo hapo. Alikunywa kikombe kikubwa cha maziwa saa tisa, akapewa biskuti saa kumi ili atulie, akanunuliwa krispi kwenye duka la ploti saa kumi na moja, kisha akanywa chai kwa mkate huku mama na baba wakiwa bado kwenye matatu, wamekwama katika msongamano wa Barabara ya Thika au ya Jogoo. Chakula cha jioni kinapopakuliwa saa mbili na nusu usiku, mtoto huyo ameshiba na ana usingizi, na hakuna upishi utakaomshawishi. Mwongozo huu unahusu watoto wa kati ya mwaka mmoja na miaka mitano, na msimamo wake ni kwamba kazi kubwa ya kumlisha mtoto mchaguzi hufanywa katika mpangilio wa siku nzima, kabla kijiko hakijainuliwa.

Hamu hupungua, na hilo ni jambo la kawaida

Mtoto aliyezaliwa na kilo 3 kwa kawaida hufikia kilo 9 hivi anapotimiza mwaka mmoja, lakini katika mwaka wa pili huongeza takriban kilo 2 na nusu tu. Mwili unaokua polepole zaidi hudai chakula kidogo zaidi, na ndiyo sababu mtoto aliyekuwa akimaliza bakuli la uji akiwa na miezi kumi huliacha nusu akiwa na miezi kumi na minane, ilhali ana nguvu za kukimbia nyumba nzima. Wakati huohuo, kuanzia miaka miwili hivi hadi sita, watoto wengi hupita katika kipindi cha kuogopa chakula wasichokijua, hasa mboga za majani na chochote chenye uchungu. Mtoto anayekataa managu leo hajaharibika wala hana kiburi; yuko katika umri wake.

Kipimo cha sahani nacho huwapotosha wazazi wengi. Njia rahisi ya kukadiria ni kumwekea kijiko kikubwa kimoja cha kila chakula kwa kila mwaka wa umri wake, kisha kumwongeza akiomba. Kwa mtoto wa miaka miwili, hivyo ni vijiko viwili vya ugali, viwili vya ndengu na viwili vya mboga, kiasi ambacho mtu mzima hukiona kuwa cha kuonja tu. Sahani iliyojazwa hadi ukingoni humtisha mtoto kabla hajaanza. Vilevile, hesabu ifanywe kwa wiki badala ya mlo mmoja, kwa maana mtoto anaweza kula kidogo sana Jumanne na kufidia Alhamisi bila mtu kumshurutisha.

Mpangilio wa saa, na anayeshinda na mtoto

Mtaalamu wa lishe wa Marekani, Ellyn Satter, aligawa kazi ya kulisha katika sehemu mbili: mzazi huamua ni chakula gani kitakacholiwa, saa ngapi na mahali gani; mtoto huamua kama atakula na kiasi gani. Naona mgawanyo huu unazifaa sana nyumba zetu, kwa kuwa mara nyingi sisi huupindua, tukamwachia mtoto aamue kinachopikwa, kisha tukang'ang'ania kuamua idadi ya vijiko atakavyomeza.

Panga milo mitatu na vitafunio viwili, na uache nafasi ya saa mbili na nusu hadi tatu kati ya kimoja na kingine. Kwa mfano, uji wa wimbi au yai na kiazi kitamu saa moja asubuhi, tunda saa nne, chakula cha mchana saa saba, ndizi au maziwa ya mala saa kumi, na chakula cha jioni kabla ya saa moja. Katikati ya saa hizo mtoto apewe maji peke yake. Siku chache za kwanza zitakuwa ngumu, hasa kwa mtoto aliyezoea kutafuna kitu kila anapopita jikoni, lakini njaa ya kawaida ikirejea, sehemu kubwa ya ubishi hupungua bila mapishi mapya.

Wazazi wanaofika nyumbani saa mbili usiku wasimsubirishe mtoto ili ale nao. Mtoto ale mapema na anayemtunza, kisha familia itafute mlo mwingine wa kuketi pamoja, labda kifungua kinywa, au chakula cha mchana cha Jumamosi na Jumapili. Kuketi pamoja kuna faida kubwa, kwa sababu mtoto hujifunza kula kwa kuwatazama wengine wakila kitu hichohicho, na baba anayeisukuma kando mboga yake asitarajie mwanawe aile.

Hapa pana jambo ambalo naliona kuwa zito kuliko mapishi yote. Katika Nairobi, mtu anayemlisha mtoto milo mingi ya wiki mara nyingi ni dada wa kazi au mlezi wa kituo cha watoto, wala si mzazi anayesoma ushauri huu. Dada anayeulizwa kila jioni, "Alimaliza chakula?" atahakikisha kimemalizwa, hata ikibidi kwa nguvu au kwa kumwekea mtoto katuni za simu, kwani kazi yake inapimwa kwa sahani tupu. Mwulize badala yake mtoto alikula nini, alikataa nini na saa ngapi. Keti naye, mweleze mpangilio wote na sababu zake, na umpe uhuru wa kuondoa sahani yenye chakula bila kulaumiwa. Mazungumzo hayohayo yafanywe na shosho anapokuja mjini kutoka mashambani, kwa heshima, maana pipi anazompa mjukuu ni za upendo na zinaweza kugeuzwa kuwa chungwa au ndizi.

Maziwa na chai

Kwa mtoto aliyepita mwaka mmoja, maziwa ya ng'ombe yasizidi nusu lita kwa siku, yaani pakiti moja ya kawaida ya dukani, ikijumuisha yale yanayotiwa kwenye uji. Yakizidi hapo humshibisha na kukalia nafasi ya vyakula vyenye madini ya chuma, ambayo maziwa hayana ya kutosha, na mtoto anaweza kupungukiwa damu huku akionekana mnene. Mtoto anayenyonya aendelee kunyonya hadi miaka miwili na zaidi, ila anyonye baada ya chakula badala ya kabla yake. Chai, hata iliyojaa maziwa, isiwe kinywaji cha mtoto mdogo, kwa kuwa viambato vya majani ya chai huuzuia mwili kufyonza madini ya chuma kutoka katika mboga na maharagwe. Soda na juisi za pakiti ziachwe kabisa katika siku za kawaida.

Kumzoesha chakula kipya

Wazazi wengi hujaribu chakula kipya mara mbili au tatu, kisha wakatangaza kwamba mtoto hakipendi. Watoto wengi huhitaji kukutana na chakula kilekile mara 8 hadi 15 ndipo wakikubali, na kukutana nacho hakumaanishi kumeza tu: kukishika, kukinusa, kukilamba na kukitema ni hatua halali, kwa hiyo mpe kitambaa cha kutemea wala usimkemee. Weka kijiko kidogo cha kile kipya kando ya chakula anachokijua. Kila mlo uwe na kitu kimoja ambacho una hakika atakila, kama vile waru, wali au parachichi, ili asiinuke na njaa; lakini usirudi jikoni kumkaangia chipsi baada ya kukataa, maana mtoto hujifunza upesi kwamba kukataa huleta sahani ya pili.

Mfano mzuri ni omena, yaani dagaa, ambao ni chakula cha bei nafuu chenye protini, na kwa kuwa huliwa mzima na mifupa yake, una kalisi kwa wingi. Harufu na macho yake huwatisha watoto. Ondoa vichwa, uoshe kwa maji moto mara mbili, uukaange mkavu hadi ukauke vizuri, kisha usage uwe unga. Nusu kijiko cha chai cha unga huo katika viazi vilivyopondwa pamoja na nyanya hakitambuliki sana. Baada ya wiki kadhaa mwekee omena mmoja au wawili waliokaangwa kando ya ugali, auone jinsi ulivyo. Hatua hii ya pili isirukwe. Kuficha chakula husaidia lishe ya leo, lakini mtoto anayefichiwa siku zote hajifunzi kukila, na akigundua ataanza kukishuku hata kile alichokipenda.

Mboga za kienyeji zinahitaji mkono wa mpishi. Jamii nyingi za magharibi mwa Kenya huzitia maziwa ili kupunguza uchungu, na ujuzi huo unafaa kabisa kwa mtoto wa Kayole au Kangemi: changanya managu kidogo na terere nyingi, zichemshe zilainike, uzitie kitunguu kilichokaangwa na maziwa, kisha uzikatekate ndogo sana. Sukuma wiki ikatwe nyembamba kupita ile tunayokatiwa na mama mboga, kwani nyuzi ndefu humsumbua mtoto asiye na magego. Boga lililopondwa likikandwa na unga wa chapati huleta rangi na utamu ambao watoto wengi huupokea vizuri. Ndengu, kamande na maharagwe yalowekwe usiku, yachemshwe hadi yapondeke, na yaliwe pamoja na nyanya, au chungwa lifuate baada ya mlo, kwa kuwa vitamini C huusaidia mwili kufyonza madini ya chuma yaliyomo. Yai na maini kidogo mara moja kwa wiki huziba mapengo mengi kwa mtoto anayeikataa nyama kwa sababu ni ngumu kutafuna.

Tahadhari mbili ziongezwe. Ya kwanza ni mashine ya kusagia: chakula kilainishwe kabisa katika miezi ya mwanzo tu, na kufikia miezi tisa hivi kiwe kimepondwa kwa uma na kubaki na vinundu. Mtoto anayelishwa vilivyosagwa hadi miaka miwili mara nyingi hukataa vyakula vigumu kwa sababu hakufundishwa kutafuna. Ya pili ni unga wa uji wenye nafaka na karanga za aina nyingi. Wimbi na aina moja nyingine vinatosha. Mchanganyiko wa vitu kumi huwa mzito, na ukimletea mtoto madhara ni vigumu kujua kilichosababisha. Karanga na mahindi yenye ukungu yatupwe, hata kama ni kiasi kidogo, kwa sababu ya sumu ya aflatoksini.

Wakati wa kula

Mketishe mtoto mahali pamoja kila siku, hata kama ni mkekani, zima televisheni na uweke simu mbali. Mlo udumu dakika 20 hadi 30. Maneno yawe machache na ya kweli: "Hii ni terere, imepikwa na maziwa. Ukitaka, onja." Akisema ameshiba, ondoa sahani bila kununa, na umwambie chakula kingine kitakuja saa kumi. Usimwahidi pipi akimaliza mboga, kwa kuwa ahadi hiyo humfundisha kwamba mboga ni adhabu na pipi ndiyo tuzo.

Kumlaza mtoto, kumziba pua na kummiminia uji mdomoni ni hatari, na kuachwe leo katika kila nyumba ambako bado kunafanywa. Uji huweza kuingia katika njia ya hewa ukamletea nimonia au kumkatia pumzi. Hata akiokoka, mtoto aliyelishwa hivyo huogopa kijiko, na hofu hiyo huchukua muda mrefu kuondoka kuliko njaa iliyokusudiwa kutibiwa. Kwa hatari hiyohiyo ya kupaliwa, karanga nzima, bisi na peremende ngumu zisipewe mtoto wa chini ya miaka minne, na zabibu na soseji zikatwe kwa urefu.

Wakati wa kwenda kliniki

Uchaguzi wa chakula ukiambatana na kupungua uzani, kutapika mara kwa mara, kupaliwa au maumivu anapomeza, kula udongo, kufunga choo kwa muda mrefu, au kukataa kundi zima la vyakula kama vile vyote vya protini, usiendelee kubadilisha mapishi nyumbani. Kula udongo hasa mara nyingi huandamana na upungufu wa madini ya chuma. Mzunguko wa mkono wa juu ulio chini ya sentimita 12.5 kwa mtoto wa miezi sita hadi miaka mitano ni dalili ya utapiamlo, na mhudumu wa afya ya jamii anaweza kuupima kwa utepe hapo mtaani. Hakikisha pia kwamba mtoto anapata vitamini A na, akishatimiza mwaka, dawa ya minyoo, kila baada ya miezi sita. Unapokwenda, beba kijitabu cha afya ya mama na mtoto chenye chati ya ukuaji, pamoja na orodha ya vyote alivyokula na kunywa kwa siku tatu mfululizo na saa zake, ili afisa wa lishe apate pa kuanzia.