Jinsi ya kutambua mji wenye hadhi ya mkoa

Kazi yangu ni kuandaa majedwali ya mwisho wa atlasi, yale ambayo wasomaji wengi huyaruka. Nilipopewa kwa mara ya kwanza jedwali la miji yenye hadhi ya mkoa, yaani isiyo chini ya mkoa wowote, nilianza na Berlin, Hamburg na Moscow, nikajiona fundi. Mhariri aliikata yote mitatu. Ujerumani na Urusi ni mashirikisho, yaani nchi zinazogawana mamlaka na majimbo yao, na jedwali letu lilihusu nchi zenye serikali moja kuu.

Basi anza na katiba, ramani itafuata. Hamburg ni jimbo ndani ya shirikisho, na katiba inailinda. Kwenye nchi isiyo ya shirikisho, mipaka huchorwa na serikali kuu, na ni yenyewe inayoifuta. Mji wa Chongqing, Uchina, ulimegwa hivyo kutoka mkoa wa Sichuan mwaka 1997.

Kisha jiulize: kati ya mji huu na serikali kuu, upo mkoa? Ukiwepo, uache mji huo hata uwe mkubwa namna gani. Shenzhen ina watu zaidi ya milioni 17, lakini iko chini ya mkoa wa Guangdong. Uchina ina miji minne tu yenye hadhi hii: Beijing, Shanghai, Tianjin na Chongqing. Cheo rasmi hukurahisishia kazi: zhíxiáshì kwa Kichina na thành phố trực thuộc trung ương kwa Kivietinamu, yote yakimaanisha mji unaosimamiwa moja kwa moja na serikali kuu.

Majina yanayofanana ndiyo yaliyonitesa zaidi. Kyiv, mji mkuu wa Ukraine, ni mji unaojitegemea, na Mkoa wa Kyiv ni kitu kingine kinachouzunguka. Ofisi za mkoa huo zimo ndani ya mji usio wake! Ukichukua idadi ya watu wa mkoa ukidhani mji umo, unawaacha nje mamilioni. Kazakhstan nako, Shymkent ilipopandishwa hadhi mwaka 2018, mkoa uliokuwa na makao yake hapo ukabaki bila makao. Yakahamishiwa mji wa Turkistan, na mkoa wenyewe ukabadilishwa jina ukaitwa Turkistan.

Msongamano wa watu usiulinganishe ovyo. Chongqing ina kilomita za mraba 82,000 hivi, sehemu kubwa milima na vijiji. Neno “mji” hapo ni la kisheria. (Mimi huweka safu mbili: eneo lote, na eneo lililojengwa.)

Mwisho, andika tarehe juu ya jedwali, siku na mwezi, kwani mwaka pekee hautoshi. Vietnam ilikuwa na miji 5 ya aina hii hadi Hue ilipoongezwa tarehe 1 Januari 2025. Nikasahihisha. Ilipofika Julai mwaka huohuo, mikoa na miji hiyo kwa pamoja ilipunguzwa kutoka 63 hadi 34, na mji wa Ho Chi Minh ukameza mikoa ya Binh Duong na Ba Ria-Vung Tau. Miji ilibaki 6, lakini safu nzima ya maeneo nililazimika kuiandika upya.