Nani anafanya? Namna ya kuweka uwajibikaji kwenye timu

Nimeongoza timu za kuandaa ripoti kwa miaka kadhaa, na kiambishi kinachonitia wasiwasi kikaoni ni "tuta-". Tutaangalia, tutarekebisha, tutamtumia mteja. Kikao kikiisha, huyo "tu" hapatikani. Safari moja jedwali la bajeti lilimfikia mteja likiwa na jumla ya mwaka uliopita. Wanne tulikuwa tumelipitia, na kila mmoja alidhani hesabu anakagua mwenzake, mimi nikiwemo.

Hata kamba ina mambo hayo. Mwaka 1913 Max Ringelmann, mhandisi wa kilimo wa Ufaransa, alichapisha matokeo ya kuwavutisha watu kamba: wakiwa wanane, kila mmoja alitoa karibu nusu tu ya nguvu aliyotoa akiwa peke yake.

Kwa hiyo, kazi ikitajwa, uliza "Nani?" kisha nyamaza. Kimya hicho kinachoma, lakini kivumilie mpaka lipatikane jina moja, hata kama watakaofanya ni watatu. Halafu mwenye jina aeleze kwa mdomo wake kazi iliyokwisha itaonekanaje. "Nitakagua bajeti" haitoshi. "Nitajumlisha upya kila safu, nilinganishe na stakabadhi, niirudishe Alhamisi saa sita mchana": hapo mmeelewana.

Akikwama, aseme Jumanne, si Alhamisi saa tano na nusu. Atasema mapema ikiwa mara ya mwisho hukumkunjia uso, basi.

Kosa likitokea, sikiliza vitenzi. Kiswahili kina mlango wa kutorokea: faili limesahaulika, tarehe imepitiliza, hesabu zimeharibika. Mtendaji hayupo! Mimi huomba sentensi irudiwe ikiwa na "ni-" mwanzoni: nilisahau kuambatisha faili. Anza wewe kiongozi, la sivyo itageuka kuwa msako wa mchawi. Baada ya hapo uliza ni hatua gani ingelizuia kosa hilo, kisha endeleeni na kazi.

Siku ile ya bajeti nilimwandikia mteja: "Nilituma bila kukagua jumla. Jedwali sahihi hili hapa." Hakujibu neno zaidi ya kukiri amelipokea. Tangu hapo, chini ya kila jedwali letu kuna mstari wa "Amekagua". Nikikuta majina mawili, nalirudisha.