Kikoba kikitaka kwenda Mafia kuona papa potwe

Mimi ni fundi cherehani Mwanjelwa, Mbeya. Kazi yangu ya kila siku ni sare za kwaya na magauni ya send-off, lakini siku hizi akina mama wa vikoba wanakuja na ombi jingine: "Dada, tushonee nguo za boti, tunakwenda Mafia." Kabla sijashika futi nawauliza mnakwenda lini, maana tarehe ndiyo inayoamua mtaona nini, na nguo zinafuata hapo.

Papa potwe, yule samaki mkubwa kuliko samaki wote, huonekana kwa wingi karibu na Kilindoni, mji mkuu wa kisiwa cha Mafia, kuanzia Oktoba hadi Machi, anapokuja juu kula uduvi na vijidudu vya majini. Wanaotaka kuona watoto wa kasa wakitoka mchangani kisiwa cha Juani waende katikati ya mwaka, na nyangumi hupita kuanzia Julai hadi Oktoba. Kwa hiyo amueni mnyama mmoja wa kumfuata, wengine mkiwakuta mshukuru. Popo wakubwa wa kisiwa cha Chole, wale wanaoning'inia kwenye miti mchana kutwa, hawa wapo na hawana shida.

Ukishajua mwezi wa kalenda, tazama na mwezi wa angani. Sisi wa nyanda za juu tunauangalia kwa ajili ya kwaresima na mfungo tu, ila pwani wanapanga nao kazi. Mwezi ukiandama na ukiwa mpevu kunakuwa na bamvua: maji yanajaa sana na yanakupwa sana, mikondo inakuwa na nguvu, na ghuba ya Chole inabaki na fungu la mchanga mahali ambapo asubuhi mlielea. Mwezi ukiwa nusu ni maji mafu, bahari inatulia kidogo. Kwa watu wasiozoea maji nachagua maji mafu bila kusitasita. Maji hujaa na kupwa kila baada ya saa sita na kitu, na kila siku yanachelewa kama dakika hamsini, hivyo usimbishie nahodha akisema kesho tunatoka saa moja na leo tumetoka saa kumi na mbili.

Upepo nao uangalieni. Kusi, upepo wa kutoka kusini, huvuma katikati ya mwaka na huchafua bahari. Mamlaka ya Hali ya Hewa hutoa tahadhari za upepo mkali na mawimbi. Wakisema mawimbi yanafikia mita mbili, boti ndogo haina kazi huko. Acheni siku moja ya ziada kwenye ratiba ili msije mkamlazimisha mtu atoke kwa sababu basi la kurudi Mbeya limeshalipiwa.

Sasa nguo, hapa nitakaa kidogo.

Dera libaki kwa jioni. Likilowa linakuwa zito, linajizungusha miguuni, na mtu anayepanda ngazi ya boti akiwa amefungwa miguu ni mtu anayeanguka. Jinzi ni vilevile, inakunywa maji na haikauki. Kitambaa kinachofaa ni cha jezi, kile chepesi cha kuteleza ambacho vijana wanavaa uwanja wa Sokoine. Nashona blauzi ya mikono mirefu yenye kola ya kusimama kufunika shingo, na suruali ya kubana kidogo chini, lastiki kwenye vifundo ili isipande ukiwa ndani ya maji. Juu yake sketi fupi ya kitambaa hichohicho kwa mama anayetaka stara. Nimeshona nyingi na hazisumbui. Nyuzi ziwe za polyester. Zipu iwe ya plastiki, maana chumvi inakula chuma, na zipu ya chuma ikigoma ukiwa chooni hakuna fundi kule. Pesa hazikai mfukoni, zinakaa kwenye ndoo ambayo nitaieleza mbele.

Rangi ndiyo tunayogombania. Kikoba kinataka sare ya bluu. Bluu baharini haionekani! Nahodha akitazama nyuma aone vichwa vya watu wake, anataka machungwa, njano, waridi kali. Nyeupe nakataa kabisa, ikilowa inaonyesha kila kitu, na mama mchungaji yumo kwenye msafara.

Kofia iwe na kamba ya kufunga kidevuni. Skafu ndefu usivae kwenye boti. Beba pia koti jepesi lisilopitisha upepo, na msiseme mmezoea baridi ya Uyole: Uyole unakuwa mkavu ndani ya sweta, huku umelowa rasharasha na boti inakimbia. Sweta la sufu liacheni kwenye basi. Viatu, chukua raba za mpira zinazofunga kisigino, za mtumba zinatosha, kwa sababu miamba inakata na chini kuna wanyama weusi wa miiba mirefu wanaotoboa kandambili. Mafuta ya jua mengine yana kemikali zinazodhuru matumbawe, kwa hiyo mimi nategemea mikono mirefu, na mafuta nampaka mtu usoni tu.

Wengi wetu hatujui kuogelea, tuseme ukweli. Huhitaji kuwa bingwa, ila uso wako uzoee maji. Anza nyumbani: jaza beseni la kufulia mchana jua likiwa kali, vaa miwani ya maji na mrija, zamisha uso na pumua kwa mdomo polepole mpaka moyo utulie. Watoto watacheka, waache wacheke. Halafu kama kikundi kinaweza, shukeni Matema kwenye Ziwa Nyasa, mwulize mwenyeji wapi panaogelewa, mfanye mazoezi ya kuelea chali mkiwa mmevaa jaketi za kuokolea. Ukiweza kuelea Matema kwenye maji baridi yasiyo na chumvi, baharini utaelea kwa raha zaidi, chumvi inakubeba.

Kichefuchefu kinawapata hata wanaume wenye sauti kubwa. Usiku wa kuamkia safari msile chipsi wala supu yenye mafuta. Asubuhi kula kitu kikavu, mkate au kiazi cha kuchemsha, na tafuna tangawizi. Dawa za kuzuia zipo famasi lakini nyingine zinalevya usingizi, kwa hiyo mwulize mfamasia na mueleze kama una presha au mimba. Ndani ya boti kaa katikati kuelekea nyuma, tazama mbali pale bahari inapokutana na mbingu, simu weka chini. Ukitaka kutapika, uliza kwanza upepo unatoka wapi.

Ile ndoo niliyosema ni ya rangi ya kupaka ukuta, lita kumi, yenye mfuniko wa kubana. Ioshe vizuri, hakikisha mfuniko unaingia kwa nguvu. Humo simu, pesa, dawa, kanga kavu moja. Mifuko ya plastiki ilipigwa marufuku toka Juni 2019, na hata ingekuwepo, haizuii maji kama ndoo. Ndoo nyingine ndogo beba kwa ajili ya taka zenu.

Kuhusu choo: boti ndogo hazina. Mwambieni nahodha mapema kwamba kuna akina mama, atawashusha kwenye fungu la mchanga au kisiwani, na kanga mbili zinatosha kuwa ukuta. Usiache kunywa maji kwa kuogopa choo, jua la kule halina utani.

Njiani, mtu wa Mbeya atalala Dar, kesho yake apite Mbagala kwenda Nyamisati kupanda kivuko hadi Kilindoni. Ratiba hubadilika, pigeni simu siku moja kabla. Mafia kuna malaria kuliko huku kwetu kwenye baridi, chandarua kiwepo, na ukirudi ukapata homa mwambie daktari ulikotoka.

Kabla ya kupanda, hesabu jaketi na hesabu watu. Zikipungua, msipande, hata kama mmeshalipa. Uliza kama boti ina redio au simu yenye chaji, mashine ya akiba au tanga, na kata ya kukumba maji. Nahodha mzuri hakasiriki kuulizwa. Niliyempigia mimi alinijibu, "Dada, mje muangalie wenyewe kabla ya kulipa," nikajua hapo tumefika. Sehemu kubwa ya kusini na mashariki ya kisiwa ni hifadhi ya bahari tangu 1995, ya kwanza Tanzania, na kuna kiingilio, dai stakabadhi.

Ukimuona potwe, usiruke. Shuka taratibu kwa kukaa ukingoni, kaa pembeni yake mita tatu au zaidi, mkia uuogope zaidi kwa sababu ukikupiga ni ajali. Usimguse, usimpige picha ya mwanga, usimkate mbele. Anaondoka tu kama hakutaki. Wengi wa hapo Mafia ni madume wachanga, na madoa ya nyuma ya matamvua yake ni yake peke yake. Watafiti humtambua kwa hayo, hivyo picha ya ubavuni ni nzuri kuliko ya mdomo.

Jioni, kabla ya kula, suuza nguo na miwani kwa maji baridi ya kisima, zipu uifungue na kuifunga mara kadhaa maji yakipita, anika kivulini. Jezi ikianikwa juani ikiwa na chumvi inakuwa ngumu, na kesho asubuhi mtakuja kunilaumu mimi.